Programu Huria za Kuchorea na Ramani ya Lahaja za Simiyu

Ramani ya lugha huzeeka kwa njia mbili. Huzeeka kwa sababu watu huhama na maneno yao huhama pamoja nao. Tena huzeeka kwa sababu serikali huigawa nchi upya. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizikuta Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 wilaya hizo zilitengwa na kuwa Mkoa wa Simiyu, makao makuu yakiwa mjini Bariadi. Itilima ikakatwa kutoka Bariadi, na Busega ikatolewa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Wasemaji hawakusogea hata hatua moja, lakini kila ramani iliyowaonyesha kwa kufuata mikoa haikuwa na budi kuchorwa upya.

Kazi hiyo humwangukia mtu ambaye kwa kawaida si mchoraji: mwalimu wa isimu, mwanafunzi wa shahada ya pili, au mhariri wa jarida. Mtu huyo aghalabu hana fedha za kulipia kila mwezi programu za kampuni kubwa. Na hata angekuwa nazo, yampasa ajiulize kama mchoro wake utafunguka baada ya miaka 20. Programu za kuchorea zitolewazo bila malipo ni nyingi, na sifa zake hutangazwa sana. Walakini sifa zinazotangazwa ni zile zinazompendeza mtengenezaji wa nembo na matangazo, wala si zile anazozihitaji mchora ramani ya lahaja. Haja zake huyu ni nyingine, na Simiyu ni mahali pazuri pa kuzipimia, kwa kuwa ndani ya mkoa huo mmoja yamekutana karibu mambo yote yanayomtaabisha.

Simiyu kama kipimo

Lugha kubwa ya mkoa ni Kisukuma, ambacho Malcolm Guthrie alikipa alama ya F21, na ambacho Atlasi ya 2009 ilikikadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 5. Katika ramani nyingi lugha hiyo hupakwa rangi moja tangu Mwanza hadi mpakani mwa Serengeti. Rangi hiyo moja huficha jambo ambalo majina yenyewe ya lahaja yalifichua zamani. Upande wa magharibi lahaja huitwa Kĩmunasukuma. Upande wa kaskazini-mashariki, katika nchi ya Ntuzu ambamo umo mji wa Bariadi, huitwa Gĩmunantuzu. Na upande wa kusini-mashariki huitwa Jinakĩĩya. Kiambishi ni kile kile cha ngeli ya 7, ambacho Kiswahili hukitamka ki-, lakini hapa kimetokea kwa sura tatu: kĩ-, gĩ- na ji-. Watu wa lahaja hizo huelewana bila taabu. Kwa hiyo mpaka baina yao si ukuta. Ni mstari upitao kati ya kijiji na kijiji, ukipinda kadiri ushahidi unavyopatikana.

Majina hayo yana mtego wake pia. Sukuma maana yake ni kaskazini, Kĩĩya ni mashariki, Dakama ni kusini na Ng'weli ni magharibi. Jina la upande wa dira hutegemea mahali asimamapo yule anayelitaja, na mchoraji akiliandika kana kwamba ni jina la nchi yenye mipaka, amekwisha kutoa hukumu ambayo huenda hakuikusudia. Ntuzu halimo katika hesabu hiyo ya pande nne, na labda hiyo ndiyo sababu nyingine ya kulichora kwa uangalifu.

Pili, kuna maandishi. Kisukuma kina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na mbili kati ya hizo huandikwa na wengi ĩ na ũ, kama zinavyoandikwa katika Kikuyu. Herman Batibo, katika kitabu chake cha Kifaransa cha mwaka 1985 juu ya fonolojia na mofolojia ya lugha hii, aliiita kesukuma, kwa e. Na mtu aliyezoea herufi za Kiswahili peke yake aweza kudhani kwamba hizo ni lugha mbili. Mambo huzidi pale mtaalamu wa toni anapoongeza alama zake. Tangu utafiti wa Irvine Richardson uliochapishwa mwaka 1959, yajulikana kwamba toni ya Kisukuma haiwezi kuachwa nje ya maelezo ya sarufi yake. Basi irabu moja hulazimika kubeba alama mbili, moja juu ya nyingine, kama vile ĩ́. Programu isiyoweza kuziweka alama hizo mahali pake haifai kwa kazi hii, hata ikiwa na uzuri mwingine wa namna gani.

Tatu, kuna Meatu. Huko, upande wa Ziwa Eyasi, Kisukuma hukutana na lugha zisizo za Kibantu: Kitaturu, yaani Kidatooga, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti, na Kihadzabe, ambacho wataalamu wengi wa siku hizi hukihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Wafugaji na wawindaji hawakai ndani ya eneo lililozungushiwa mstari. Kulipaka eneo lao rangi moja ni kusema uongo, na kuliacha tupu ni uongo mkubwa zaidi. Huonyeshwa kwa nukta, au kwa mistari ya mshazari inayopita juu ya rangi ya jirani bila kuifuta.

Nukta na mistari

Kompyuta huhifadhi mchoro kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya picha ya kamera: ukurasa hugawanywa katika vijiraba vidogo sana, na kila kijiraba hupewa rangi yake. Ukurasa wa A4 uliopangwa kwa nukta 300 katika kila inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Ramani iliyohifadhiwa hivyo ikikuzwa ili itundikwe ukutani kwa ukubwa wa A0, nukta zile zile hutandazwa katika urefu mara nne, hubaki 75 kwa inchi, na mstari wa mpaka huonekana kama ngazi. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba kompyuta haijui kuwa hapo pana mpaka. Inajua nukta nyeusi tu. Neno Bariadi lililoandikwa juu ya ramani hiyo si neno tena. Ni doa lenye umbo la neno.

Namna ya pili, ambayo wengi huiita vekta, haihifadhi nukta bali maelezo. Mstari huandikwa kwa kutaja mahali pachache unapopitia na jinsi unavyopinda kati ya mahali na mahali. Hesabu ya mapindo hayo ilitokana na viwanda vya motokaa vya Ufaransa: Paul de Casteljau aliifanyia kazi Citroën tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza katika miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililobaki. Kila kipande huelezwa kwa alama nne tu, mbili za mwanzo na mwisho, na mbili za kukivuta kipande kipinde huku au kule. Mkulima wa miwa angeelewa haraka kuliko mwanafunzi wa hesabu, kwa maana Kiswahili kinayo maneno tayari: pale mistari inapoungana ni fundo, na kipande kilicho kati ya fundo na fundo ni pingili. Maneno haya mawili yatatumika katika maelezo yanayofuata, na yangestahili kupewa nafasi katika orodha za istilahi, maana hayahitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kumenya muwa.

Faida yake kwa ramani ya lahaja ni dhahiri. Mstari unaotenganisha gĩ- ya Bariadi na ji- ya kusini-mashariki waweza kuchorwa kwa mafundo kumi au kumi na mawili. Mtafiti akirudi kutoka Itilima na ushahidi mpya wa vijiji vitatu, huvuta mafundo mawili, na mstari hufuata. Mito, mipaka ya wilaya na majina hubaki palepale, kwa kuwa kila kimoja kimewekwa katika tabaka lake. Ramani ya nukta ingetaka kufutwa na kuchorwa tena, na aghalabu haichorwi tena; hunakiliwa kosa na yote, kitabu hadi kitabu, mpaka kosa hilo hupata heshima ya ukale.

Bure na huria

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, na waandishi wa programu wamelazimika kuandika kurasa nyingi kueleza tofauti. Kiswahili hakina haja ya kurasa hizo. Bure ni bure. Huria, neno lenye asili moja na huru, ni jambo jingine. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa.

Tofauti hiyo si ya wanasheria tu. FreeHand ilikuwa miongoni mwa programu za kuchorea zilizopendwa sana na wapiga chapa. Kampuni yake, Macromedia, ilinunuliwa na Adobe mwaka 2005, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba FreeHand haitaendelezwa. Michoro iliyohifadhiwa katika muundo wake ilibaki mikononi mwa watu kama kufuli zisizo na funguo. Programu ya bure isiyo huria ina hatari ile ile. Kampuni ya Canva iliinunua Affinity mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaitoa bila malipo kwa kila mwenye akaunti yake. Ni programu nzuri, na hapana shaka itawafaa wengi. Lakini aliyeifanya iwe bure leo aweza kubadili nia kesho, na mchoro uliomo katika muundo wa kampuni moja utakwenda na nia hiyo. Kwa mtu anayetengeneza tangazo la wiki ijayo hilo si neno. Kwa ramani inayotarajiwa kusahihishwa na kizazi kijacho cha watafiti, ni neno zito kuliko yote.

Kuna na jambo la mahali. Mtafiti aliyeko Mwanhuzi au Lagangabilili hawezi kutegemea programu inayofanya kazi kwa njia ya intaneti pekee. Programu zinazoelezwa hapa huwekwa ndani ya kompyuta mara moja, kisha hufanya kazi bila mtandao, nazo zaweza kunakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kuvunja sheria yoyote.

Inkscape

Inkscape ilianza mwaka 2003, wachangiaji wanne walipojitenga na programu iliyoitwa Sodipodi, ambayo nayo ilitokana na Gill ya Raph Levien ya mwaka 1999. Ukoo huu mrefu una maana kwa hoja iliyopo: kila kizazi kilirithi msimbo wa kilichotangulia kwa kuwa ulikuwa huria. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2020, baada ya miaka 16 na zaidi ya matoleo yaliyoanza na sifuri.

Sifa yake ya kwanza haimo katika vifaa vyake vya kuchorea, ingawa ni vingi. Imo katika faili lake. Inkscape huhifadhi michoro kwa SVG, muundo uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 2001, nao si mali ya kampuni yoyote. Faili la SVG ni maandishi. Mtu akilifungua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, ataona safu za namba za mafundo, na katikati yake ataliona neno Bariadi, limeandikwa kwa herufi zake, na neno Gĩmunantuzu pamoja na alama juu ya ĩ. Maana yake ni kwamba hata kama siku moja Inkscape ingetoweka, ramani ingeweza kusomwa. Kwa mwanaisimu, ambaye hujua thamani ya muswada unaosomeka, sifa hii yashinda brashi elfu.

Matabaka yake hupangwa vizuri, hufungwa yasiguswe, hufichwa na kuonyeshwa kwa kubofya mara moja. Mtafiti aweza kuweka chini kabisa picha ya ramani ya zamani iliyopigwa skani, akaifunga, kisha akachora juu yake kwa kalamu ya Bézier, akimaliza huiondoa. Wapo wanaopenda kuiagiza programu ifuatishe picha yenyewe, kwa kifaa kilichojengwa juu ya Potrace ya Peter Selinger. Kwa nembo kifaa hicho ni cha ajabu. Kwa ramani huleta taabu, kwa kuwa kwa kawaida hufuata kingo za weusi: mstari mmoja wa mto Simiyu hugeuka umbo lenye kingo mbili na mafundo mia kadhaa, na majina hugeuka maumbo yasiyosomeka. Saa moja iliyookolewa hulipwa kwa siku mbili za kusafisha.

Kasoro zake zastahili kutajwa bila kuoneana haya. Hadi toleo la 1.4 la mwaka 2024, Inkscape ilikuwa ikifanya kazi hasa kwa rangi za kioo cha kompyuta, si kwa wino nne za mpiga chapa. Anayetaka rangi za chapa ipasavyo hana budi kuupitisha mchoro katika Scribus, programu huria ya kupangia kurasa. Matabaka yake pia ni desturi ya Inkscape yenyewe: SVG haijui tabaka, inajua kundi tu, na programu nyingine ikifungua faili hilo huona makundi badala ya matabaka. Matoleo ya kabla ya 1.0 yalikuwa na kosa jingine lililowaudhi wengi: maandishi yaliyowekwa ndani ya kisanduku yalihifadhiwa kwa namna iliyopendekezwa kwa SVG lakini haikupitishwa kamwe, na programu nyingine ziliyaonyesha kama mraba mweusi au hazikuyaonyesha kabisa. Tena, toleo la 0.92 la mwaka 2017 lilibadili kipimo kutoka nukta 90 kwa inchi kuwa 96, hata ramani ya zamani ikilazwa juu ya mpya bila kurekebishwa, hazilingani. Uwazi wa faili haumkingi mtu na makosa ya namna hii. Humwezesha tu kuyatambua na kuyaondoa.

Draw ya LibreOffice

Draw ni sehemu ya LibreOffice, ambayo ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010. Asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, iliyonunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999. Kwa wasomaji wa Kiswahili ukoo huu una tawi la nyumbani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Yeyote anayetaka kujua jinsi istilahi za kuchora zilivyoanza kutafutiwa Kiswahili hana budi kuanzia huko.

Draw haikukusudiwa kuwa mshindani wa Inkscape, na wanaozilinganisha kana kwamba ni pacha huishia kuidharau bila haki. Kazi yake ni michoro ya ofisini: visanduku na mistari inayoviunganisha. Mstari wake wa kuunganisha hunata katika kisanduku, na kisanduku kikisogezwa mstari hufuata. Kwa mchoro wa matawi ya sentensi, au kwa nasaba ya lugha inayoonyesha Kisukuma na Kinyamwezi wakitoka katika shina moja, Draw ni nyepesi kuliko Inkscape kwa mbali, na mwanafunzi huijua ndani ya alasiri moja. Ina michoro ya mshazari iliyokwisha kutengenezwa, nayo yafaa sana kwa jarida linalochapwa kwa wino mweusi peke yake, mahali ambapo rangi za ramani zote hugeuka kijivu kimoja na Mtaturu asijulikane na Msukuma.

Faili lake ni ODG, la jamii ya ODF iliyokubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006. Nalo ni muundo ulio wazi, ila programu zinazousoma vizuri ni chache kuliko zinazosoma SVG. Tatizo huanza pale mtu anapotaka kuhama. SVG iliyotoka Inkscape ikiingizwa katika Draw huingia kama picha; yaweza kuvunjwa ikawa maumbo, lakini matabaka hupotea njiani, na maandishi yenye alama mbili juu ya irabu huhitaji kukaguliwa moja moja. Aliyeanza ramani katika moja asitarajie kuimalizia katika nyingine.

Nyinginezo

Karbon ya jamii ya Calligra ni ya kupendeza, ila makao yake hasa ni Linux. sK1, mjukuu wa programu ya Bernhard Herzog iliyoitwa Sketch na baadaye Skencil, ilizingatia rangi za mpiga chapa tangu mwanzo, na husoma mafaili ya CorelDRAW. Lakini wanaoiendeleza ni wachache mno. Xfig ya mwaka 1985 na Ipe ya Otfried Cheong zingali zikitumiwa na wanahesabu, na mwanaisimu anayeandika kwa LaTeX aweza kuridhika nazo kwa michoro ya matawi.

QGIS ni suala tofauti. Iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, si programu ya kuchorea bali ya kuhifadhi mahali: kila nukta huwekwa kwa latitudo na longitudo. Mipaka ya wilaya za Simiyu, mito na miji hupatikana bila malipo kutoka OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, na QGIS huipanga ipasavyo, kisha huitoa kwa SVG. Hapo ndipo Inkscape huipokea. Utaratibu huu wa programu mbili ndio unaofaa kuliko wowote kwa ramani ya lahaja, kwa sababu hutenganisha yale yanayopimwa na yale yanayohukumiwa. Mahali kilipo kijiji hupimwa. Mahali unapopita mstari wa gĩ- na ji- huhukumiwa na mtafiti, na ni haki uchorwe kwa mkono, ili msomaji asije akaudhania kuwa umepimwa kwa setilaiti. Baadhi ya wachoraji hata huuchora kwa vipande vilivyokatika mahali palipo na shaka, na desturi hiyo ingefaa ienee.

Herufi na mpiga chapa

Ramani nzuri nyingi zimeharibikia katika duka la chapa. Mtafiti ameandika Kĩĩya kwa fonti iliyo na alama zote. Kompyuta ya mpiga chapa haina fonti hiyo. Nayo, bila kuuliza, huweka nyingine. Tilde huruka upande, au hugeuka kijisanduku kitupu, au hutoweka, na lahaja hubatizwa jina jipya. Herufi ĩ na ũ pekee zimo katika fonti nyingi. Herufi yenye tilde na alama ya toni juu yake ndiyo ijaribuyo fonti, kwa kuwa lazima iundwe kwa kupandisha alama moja juu ya nyingine, na fonti isiyojua kupandisha huzigonganisha. Charis, Doulos na Gentium, zote za shirika la SIL na zote huria, huzipanga vizuri.

Dawa ya kawaida ni kugeuza maandishi yawe mistari kabla ya kupeleka faili dukani. Maandishi yakigeuzwa hayahitaji fonti tena, na hayawezi kubadilika. Lakini hapo ndipo hutokea hasara isiyoonekana mara moja: neno Gĩmunantuzu limekuwa maumbo, haliwezi kutafutwa, haliwezi kusahihishwa, na likihifadhiwa juu ya faili la asili, muswada umekwisha kuuawa. Kwa hiyo ramani moja yataka mafaili mawili. La kwanza lina maandishi, nalo halitoki mikononi mwa mtafiti ila kwa kukabidhiwa maktaba au mtafiti mwingine. La pili, lililogeuzwa mistari na kutolewa kwa PDF, ndilo la mpiga chapa. Wapiga chapa wengi wamezoea CorelDRAW, na baadhi husita wakipewa SVG, PDF hawaikatai.

Katika faili lile la kwanza kuna nafasi ambayo wachoraji wengi hawaijui. Inkscape huruhusu kila kitu kilichochorwa kiwe na kichwa na maelezo yake, yasiyoonekana juu ya karatasi. Nukta ya kijiji kilichoko kati ya Bariadi na Maswa yaweza kubeba ndani yake mwaka wa uchunguzi, idadi ya wasemaji waliosikilizwa, umri wao kwa makadirio bila majina yao, na neno hasa lililosikika: kama ni gĩ- au ji-, au kama wazee walisema hivi na vijana wakasema vile. Mstari wenyewe nao waweza kubeba maelezo ya kwa nini ulipindishwa mashariki ya kijiji hicho badala ya magharibi. Atakayeufungua mchoro baadaye, hata kama mikoa itakuwa imegawanywa tena, ataukuta ushahidi ukiwa umefungwa katika nukta yenyewe, naye ataweza kulivuta fundo akijua analivuta kutoka wapi.